Usiitike Kabla Hujamwona

Katika nyumba ya Cucu, nilipokuwa na miaka tisa, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuitika kabla hajamwona anayemwita. Ukiitwa kutoka nje ulinyamaza. Ukiitwa mara ya pili ulinyamaza vilevile. Mwenye haja nawe angekuja mpaka mlangoni, asimame umwone uso na miguu, na hapo ndipo ungefungua mdomo. Wageni walituona watoto wasio na adabu. Cucu, nyanya yangu mzaa mama, hakujali.

Alisema waliokufa hawana sauti yao wenyewe. Wakitaka kumchukua mtu huazima sauti ya aliye hai, na hawaazimi ya mtu yeyote tu, huazima ya yule unayempenda, maana hiyo ndiyo utakayoiitika bila kufikiri. Ukiitika, umekubali kwenda. Alitueleza hivyo kwa utulivu, huku akichambua maharagwe, kama anavyoeleza mtu namna ya kuvuka barabara.

Simcheki. Cucu hakuwa mjinga. Alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, na nusu ya watoto waliozaliwa kwenye laini zetu walipokewa na mikono yake. Laini ndivyo tulivyoziita zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, nje kidogo ya Ruiru. Siku hizi kahawa yote imeng'olewa. Kuna mageti, kuna walinzi wenye sare, kuna nyumba za paa la vigae ambazo watu hutoka asubuhi kwa magari. Nikipita kwenda Membley huwa najaribu kukisia mahali mlango wetu ulipokuwa, na sijawahi kuwa na hakika.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwezi wa saba, na mtu wa kwetu akisikia mwezi wa saba hahitaji kuambiwa kuhusu ukungu. Ulishuka mpaka chini kabisa. Ukisimama mlangoni hukuuona mkahawa wa kwanza wa shamba, na ule mti ulikuwa hatua kumi tu. Mama alikuwa ameshakwenda kazini. Mimi sikuwa nimekwenda shule kwa sababu ya matubwitubwi; mashavu yalikuwa yamevimba na Cucu alikuwa amenifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Niliketi karibu na moto. Yeye alikuwa anakoroga uji.

Ndipo nikasikia naitwa.

"Wairimu! Wairimu, hebu kuja!"

Ilikuwa sauti ya Tata Njoki. Tata ni shangazi au mama mdogo, kwa Kikuyu; Njoki alikuwa mdogo wake mama, binti wa mwisho wa Cucu. Aliishi laini ya tatu, ng'ambo ya bonde, na mumewe aliyekuwa akiendesha trekta ya shamba. Alikuwa na mimba kubwa. Alikuwa na namna yake ya kulivuta jina langu mwishoni, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelivuta hivyo. Nilisimama. Nikasema, kwa mdomo ule uliovimba, kwamba ni Tata.

Cucu aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Sikumwona akija. Mkono wake ulinifunika mdomo kutoka nyuma na kunibana kichwa kifuani kwake, na kwa sababu ya yale matubwitubwi maumivu yalinipanda mpaka masikioni. Mkono ulinuka moshi.

"Kira," aliniambia. Nyamaza. "Si yeye."

Sauti iliita tena. Ilikuwa karibu, kisha ikawa kama imekwenda mbali kidogo, kwa vile ukungu huichezea sauti. Iliniita mara tatu au nne, na kila mara jina langu lilikuwa fupi kuliko mara iliyotangulia. Mara ya mwisho haikuniita mimi. Ilisema, "Maitu." Mama. Ilisema mara moja tu, bila kupaza.

Nilihisi mkono wa Cucu ukizidi kunibana. Haukulegea. Tulibaki hivyo mpaka uji ukafurika na kuzima moto upande mmoja, na hata hapo hakuniachilia.

Ukungu uliondoka mnamo saa nne. Wanawake waliokuwa wakipita na makarai kichwani ndio waliomkuta. Alikuwa amelala ndani ya mtaro wa kuzuia maji, kati ya safu ya pili na ya tatu ya mikahawa, na kutoka hapo mtu aliuona mlango wetu wazi kabisa. Alikuwa ameanza kuvuja damu alfajiri, mumewe akiwa kazini, akaamua kuja kwa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Katika ukungu aliteleza. Alipookotwa alikuwa bado anapumua. Walimlaza kwenye blanketi, wakampakia kwenye lori la shamba, na lori likashika njia ya Thika. Hawakufika. Mtoto naye hakufika.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nilichukua miaka mingi kukiona.

Matangani, Cucu aliwaeleza watu kilichotokea, na hakuficha hata neno moja. Alisema asubuhi ile kifo kilikuwa kinatembea kwenye laini zetu. Kilipita mlangoni kwake kwa sauti ya Njoki, kikamwita mjukuu wake kwa jina, na yeye akamziba mdomo. Kilipomkosa mtoto kikamrudia mwenye sauti. Wanawake waliguna, wakanitazama. Mmoja baada ya mwingine walikuja kunishika kichwa juu ya ile leso. Mzee wa kanisa aliniombea. Walisema Mungu ana kazi na mimi. Nilipewa ndizi mbivu mbili, nami nikazila polepole kwa upande wa shavu uliokuwa nafuu, nikijiona mtu muhimu.

Hakuna aliyeuliza mbele yangu swali ambalo mtoto yeyote angeuliza kama asingekuwa anakula ndizi. Kama Njoki alikutwa akipumua saa nne, hatua thelathini kutoka mlangoni, basi saa mbili aliyekuwa akiita ni nani?

Ninaamini wote walijua. Nafikiri waliona kwamba mwanamke aliyeketi mbele yao angeweza kuendelea kuishi au asingeweza, kutegemea watakavyojibu, na wakachagua kumwacha aishi. Huenda mimi pia ningefanya hivyo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimezibwa mdomo, na kwa kumwokoa Cucu walinifundisha, watu wazima hamsini kwa pamoja, kwamba kunyamaza ndiko kulikoniponya.

Cucu hakupokea tena mtoto hata mmoja. Wanawake walipokuja kumwita alisema mikono imezeeka. Mama yangu alimpikia, alimfulia, alimpeleka kanisani mpaka mwisho, lakini sikumsikia tena akimwita maitu. Alimwambia tu, "Chakula kiko tayari."

Kisha nikakua, na nikasahau. Kifo cha Tata Njoki sikukisahau. Tulikitaja kila mara mtu alipotaja waliokufa. Nilichosahau ni mkono. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikaachika, nikapata kazi Thika kwenye kiwanda kimoja cha mablanketi katika Eneo la Viwanda, nikawa karani wa stoo. Nilipanga nyumba Ruiru na kumlea binti yangu Shiku. Kama ungeniuliza iwapo naamini waliokufa huazima sauti, ningecheka, na kicheko kingekuwa cha kweli. Kiwandani walitupeleka mafunzo ya usalama siku mbili. Walitufundisha moto ukitokea tukutane wapi, aliyevunjika mguu afungwe vipi, na mtu akinaswa chini ya kitu afanye nini. Apige kelele. Akishindwa, agonge chuma au jiwe. Akiitwa, aitike hata kama hana hakika kwamba anasikika. Nilifaulu mtihani ule. Cheti changu kilikuwa kimebandikwa ukutani ndani ya stoo yenyewe.

Nekesa alikuja kufanya kazi nasi kutoka Bungoma. Mumewe, Wafula, alikuwa fundi wa kuchomelea, na waliishi Kiandutu na watoto wao watatu katika chumba kimoja. Alitembea kwa miguu kuja kazini na kufika kabla yangu mimi niliyepanda gari. Tulikula chakula cha mchana pamoja kwa miaka sita. Alinicheka kwa githeri yangu ya mahindi na maharagwe isiyo na chumvi, akanilazimisha kuonja mrenda, mboga yao inayoteleza, akacheka tena alipoiona sura yangu. Alikuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote pale. Aliimba kwaya. Mashine zikinguruma, sisi wengine tuliongea kwa ishara. Nekesa aliongea tu, na akasikika.

Siku ile tulikuwa wawili ndani ya stoo, saa nane mchana, tukihesabu marobota. Juu yetu kulikuwa na dari la mbao ambalo lilikuwa limejazwa marobota mengine. Tulikuwa tumelalamika kuhusu dari lile. Nilisikia mbao zikilia, nikainua macho, na baada ya hapo sikumbuki kuanguka. Nakumbuka giza, kisha giza likawa jeupe kidogo. Vumbi la nyuzi lilikuwa limejaa kila mahali, laini, limening'inia. Mwanga kidogo ulikuwa unaingia kutoka mahali nisipopaona, na ndani yake niliuona uso wa Nekesa.

"Mama Shiku, uko?"

"Niko."

Nekesa alikuwa karibu nami, ubavuni. Boriti lilikuwa limembana kuanzia kiunoni. Mimi mguu wa kushoto ulikuwa umenaswa, lakini mkono wa kulia ulikuwa huru. Tuliongea kama watu wenye akili zao. Alisema hahisi miguu. Nilimwambia watakuja. Aliniuliza kama nina simu, nikamwambia iko mezani. Alianza kusali kwa Kibukusu, taratibu, nami nikamshika bega.

Ndipo msimamizi wetu, Mutua, akaita. Sauti yake niliijua vizuri. Nilikuwa nimeisikia kila siku ya kazi kwa miaka kumi. Ilitoka ng'ambo ya marobota, hafifu.

"Wairimu! Nekesa! Mnanisikia?"

Nilimsikia Nekesa akivuta pumzi ili aitike. Mkono wangu ukaondoka begani kwake ukamziba mdomo.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri kitu. Ningependa kusema niliogopa marobota yangeporomoka tukipiga kelele, au kwamba nilitaka atunze nguvu. Maelezo hayo yote niliyatengeneza baadaye, na baadhi ni mazuri sana. Wakati ule hapakuwa na wazo lolote. Palikuwa na mkono, na palikuwa na hakika, hakika kubwa na tulivu kuliko yoyote niliyowahi kuwa nayo maishani, kwamba tusiitike. Nilimwambia, "Kira." Nilimwambia kwa Kikuyu. Katika miaka sita sikuwa nimewahi kumsemesha Nekesa kwa Kikuyu, maana hakukijua.

Mutua aliita tena. Akataja majina yetu yote mawili, ya kwanza na ya pili. Akanyamaza kusikiliza, nilikusikia kunyamaza kwake. Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake kwamba huenda tulikuwa upande wa mlango wa kupakia mizigo, waanze kule. Nilisikia kila neno na nikalielewa. Niliwasikia wakiondoka.

Nekesa aliukamata mkono wangu. Alikuwa na mkono mmoja tu uliokuwa huru, kama mimi, na alikuwa na nguvu. Kucha zake ziliingia kwenye kifundo cha mkono wangu. Nilimwona macho katika ule mwanga mdogo. Hakuwa ameogopa, au kama aliogopa si hicho nilichokiona. Alikuwa anashangaa. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wako aliyefanya kitu kisichofanana naye, ukingoja akueleze. Baadaye akaacha kuuvuta mkono.

Mkono wangu ulikuwa mdomoni, haukuwa puani. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Walisema karibu saa moja na nusu. Waliita tena mara mbili kutoka mbali na mara zote mbili nilinyamaza. Kisha mtu mmoja, aliyekuja kuvuta robota lile bila kututafuta, alilivuta likatoka, na mwanga ukaingia na ndani ya mwanga kulikuwa na uso wa mwanamume mwenye kofia ngumu. Nilipouona uso ule niliuondoa mkono.

"Tuko hapa," nilisema. Yule mtu alinisimulia baadaye kwamba alishtuka sana, kwa sababu nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyebishiwa hodi.

Nekesa alikuwa hai walipomtoa. Alifia hospitalini jioni ile kabla Wafula hajafika. Nilipoweza kukaa kitandani nilimuuliza daktari kama saa moja ingeleta tofauti. Alisema alikuwa amevuja damu nyingi ndani, kisha akaangalia faili yangu badala ya kuniangalia mimi, akasema mambo kama hayo hayawezi kujulikana.

Waliokuja kuchunguza waliniuliza kwa nini hatukuitika. Nilisema nilikuwa nimezimia. Wakati nasema hivyo sikujua kama ni uongo. Kiwandani habari ilishajitengeneza yenyewe, kwamba Wairimu alimkumbatia rafiki yake mpaka dakika ya mwisho, na alama kwenye mkono wake ni za mbao. Kwenye ibada ya kumuaga, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Bungoma, Wafula alisimama mbele ya watu wote akanishukuru. Alisema kinachompa usingizi ni kwamba mke wake hakuwa peke yake. Watu walikuja kunishika mikono. Niliketi pale na fimbo yangu, nikapokea.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu, na hakukusudia. Ilikuwa Jumamosi, mguu ulikuwa ungali ndani ya plasta, na Shiku alikuwa anafua kwenye kibaraza. Aliingia jikoni maji yakimchuruzika mikononi, akasimama mbele yangu, akaniuliza kama nataka shuka zifuliwe. Nilimwambia angeniuliza kutoka nje tu.

"Mathe, wewe huwa huitiki," alisema. "Tangu nikiwa mdogo. Lazima nikuje nisimame mbele yako."

Nilimwambia si kweli. Alicheka, akasema hata dada zake binamu wanajua, hata majirani, ni mzaha wa nyumba nzima. Mtu akitaka kitu kwa Mama Shiku aende na uso wake. Kisha akarudi kufua. Nilibaki pale na kikombe mkononi. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimemlea mtoto bila kumwitika hata mara moja kutoka chumba kingine, na sikuwa nimejua. Na hapo, polepole, taya zikaanza kuniuma mahali palipokuwa na matubwitubwi.

Mama yangu bado yuko hai. Anaishi Ruiru kwa kaka yangu, na kumbukumbu zake ni nzuri kuliko zangu. Nilikwenda kwake na mguu wangu nikamweleza yote, asubuhi ya ukungu na mchana wa stoo, na mkono. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia. Alisikiliza akiwa amekunja mikono ndani ya leso. Nilitarajia atanikemea, au atasali. Badala yake alianza kunieleza habari za baba yake, ambaye kwetu hakutajwa.

Ilikuwa katika ile miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya kupigania uhuru, mama akiwa mtoto wa kutambaa na Tata Njoki akiwa bado tumboni mwa Cucu. Alfajiri moja mtu alimwita babu yangu kwa jina kutoka nje ya ua. Ilikuwa sauti ya rafiki yake, aliyetahiriwa pamoja naye. Babu hakutaka kuitika. Siku zile watu walikuwa wanaitwa, na nyuma ya sauti moja ya mtu unayemjua kulikuwa na watu usiowajua, wa msituni au wa serikali, hakuna aliyeweza kuwatofautisha gizani. Ni Cucu aliyemwambia aitike. Alimwambia rafiki yako anaweza kuwa na shida. Babu akaitika, akatoka, na hawakumwona tena, wala kaburi.

Hayo Cucu alimwambia mama mara moja tu, wiki aliyokufa. Habari za waliokufa na sauti za kuazima, mama alisema, alizianza baadaye, watoto walipoanza kuuliza kwa nini hawaruhusiwi kuitika.

Nilimuuliza mama kama anafikiri Cucu alijua ni Njoki.

"Ni mama yake," alisema. "Angekosaje kumjua?"

Akasema kwamba mkono ulijua jambo moja na masikio yalijua jingine, na mkono ndio uliokuwa na nguvu. Alisema alimchukia kwa hilo maisha yote, na hata sasa, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, akisali Baba Yetu kuna mahali akifika anapita haraka.

Huenda mtu mwingine angetoka pale amefarijika. Nilikuwa nimepewa sababu. Sauti moja nje ya ua mmoja ilikuwa imemfikia mwanamke asiye na hatia kutoka Bungoma, kupitia kwa watu wawili ambao hawakujua kwamba wanaibeba. Lakini sababu haikuupunguzia mkono wangu uzito hata kidogo. Nilitoka pale nikiwa na hasira na Cucu, na hasira na wale wote walionishika kichwa, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe, kwa sababu nilijua kwamba mimi nilikuwa na nafasi ambayo Cucu hakujipa. Wafula alikuwa bado anasimulia habari isiyo kamili.

Nilimwendea Kiandutu siku ya Jumapili, watoto wakiwa kanisani. Alifurahi kuniona. Alinipa kiti kile kimoja kizuri, akakaa kitandani, akataka kunichemshia chai. Nilimwambia Baba Sharon, kaa kwanza. Nilimweleza. Sikumweleza habari za Cucu, wala ukungu, wala babu. Nilipofika mlangoni kwake niliona kwamba hizo zilikuwa mali yangu na kwake zingekuwa kama kuomba kitu. Nilimwambia tu kwamba Mutua aliita, na Nekesa alitaka kuitika, na mimi nikamziba mdomo mpaka wakaondoka, na kwamba sikuwa nimezimia.

Majirani walikuwa wanapika upande wa pili wa mabati na tulisikia mafuta yakichemka.

"Alijaribu kuutoa mkono?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha kitu alichokuwa amekihisi. Hakupandisha sauti. Alisema nimefanya vizuri kumwambia, na kwamba nisirudi tena nyumbani kwake. Kisha akanifungulia mlango, na kwa sababu ya fimbo yangu akanishika kiwiko nilipokuwa navuka kizingiti, na hiyo ndiyo sehemu ambayo bado siwezi kuivumilia.

Sikurudi. Hata kiwandani sikurudi; nauza mitumba ya mashuka katika soko la Thika, mahali ambapo watu huja mpaka mezani. Nilifikiri Wafula angesema. Nilijiandaa kwa hilo, kwa watu wa kwao kuja, kwa polisi, kwa kuitwa majina mabaya. Mwaka ulipita, na mwingine, na hakuna aliyekuja. Sikuweza kujua kama ni huruma au ni kwamba hakupata maneno.

Kisha mwezi uliopita msichana mmoja mrefu alisimama mbele ya meza yangu akachagua shuka la rangi ya maziwa, akaniangalia, akaniita anti. Alikuwa Sharon, binti wa kwanza wa Nekesa. Amemaliza kidato cha nne na ana mabega ya mama yake. Alizunguka meza akanikumbatia. Alisema amekuwa akitaka kuniona siku nyingi lakini baba yake alisema nilihama. Akaniambia anaimba kwaya, sauti ileile ya mama yake, watu husema. Halafu akashika pindo la shuka.

"Baba alituambia wewe ndiye ulikaa na mama chini ya marobota mpaka akatolewa," alisema.

Nilimtazama. Wafula alikuwa amechagua kwa niaba ya watoto wake, kama wale watu wa matangani walivyochagua kwa niaba ya Cucu, na alichowaambia kilikuwa kweli tupu, kila neno. Niliona kwamba nikifungua mdomo kuongeza kitu chochote, nitakuwa nautua mzigo wangu kwenye mabega ya mtoto huyu kwa sababu tu umenichosha. Na niliona pia kwamba nikinyamaza, atakua akiwa ameegemea kitu ambacho hakipo, na siku moja atawaegemeza watoto wake. Sikuiona njia ya tatu. Sijaiona mpaka leo.

"Ndiyo," nilimwambia. "Nilikuwa naye."

Nilimfungia shuka lake ndani ya gazeti. Alinishukuru, kama baba yake, kama wote.